Mama Mkwe na Kiko cha Gunzi

Mtaani wananiita Milimita. Mimi ni seremala, na jina hilo nimelipata kwa haki: mlango wangu ukifungwa, hata karatasi haipenyi. Nalisema hili mapema ili ujue kwamba kosa nililofanya si la mzembe. Ni kosa la fundi, tena fundi mzuri, na mtu asiyejua kushika patasi asingeweza kulifanya hata kwa kulipwa.

Mama mkwe alikuja kwetu kwa wiki mbili. Majirani walidhani amekuja kusalimia, lakini sisi wa ndani tulijua. Tangu baba mkwe afariki alikuwa akiishi peke yake kwenye nyumba ya vyumba vinne, na mke wangu alikuwa amembembeleza mwaka mzima ahamie kwetu. Jibu lilikuwa lile lile: "Nitakuja nione." Basi nikamjengea chumba uani, chenye dirisha la kutazama mboga, na nje ya mlango nikaweka benchi. Siku aliyofika, kabla hata hajatua mkoba, alilisukuma benchi lile kwa nyonga. Halikuyumba. "Sawa," akasema, akaingia ndani. Kwa miaka kumi na tisa ya ndoa yangu, hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote alizowahi kunipa.

Jioni mke wangu akanivuta jikoni.

"Jibu atalitoa siku ya kuondoka," akasema kwa sauti ya chini. "Mimi nitapika, nitapiga naye soga, nitamkumbusha ya zamani. Wewe kazi yako ni moja tu."

"Ipi?"

"Usiharibu."

Nilicheka, lakini moyoni sikucheka. Nilitaka akae. Si kwa ajili ya mke wangu peke yake. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa sijaota hata ndevu, na nilikuwa nimechoka kumwita "mama" mtu anayekuja mara moja kwa mwaka na kuondoka na mkoba wake. Nilitaka wa kumwita mama kila asubuhi, hata kama ataniitikia kwa kuguna.

Na alikuwa hodari wa kuguna. Alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja kwa miaka thelathini na minne, mgongo wake umenyooka kama rula, na maneno anayatoa kidogo kidogo kana kwamba utepe wa wino unakaribia kuisha. Starehe yake ilikuwa moja tu: kiko cha gunzi. Gunzi la mahindi lililokaushwa likawa gumu, likatobolewa shimo la tumbaku, likachomekwa kijiti ubavuni, na kwenye kijiti ukavalishwa mrija wa kuvutia. Anasema zamani ofisini wanaume walivuta sigara mezani na hakuna aliyeuliza. Siku yeye alipowasha kiko, bosi wake alisimama wima. Yeye akaendelea kupiga chapa. Bosi akakaa.

Siku ya nne, baada ya chakula cha mchana, alikwenda kulala kidogo akakiacha kiko juu ya benchi. Nami nikapita. Ningepita tu, yasingekuwepo haya. Lakini nilikichukua, nikachungulia ndani, na nikaona kosa: kile kijiti cha ubavuni kilikuwa kimepenya ukuta wa gunzi na kutokeza ndani kwa milimita nane nzima. Nane! Kwa seremala, ulimi wa mbao ukitokeza kwenye tundu lake ni aibu, na mwenye kazi hiyo anastahili kunyang'anywa nyundo. Na ndani kulikuwa na tabaka jeusi la masizi, na kitako kilikuwa cha mviringo, hakiwezi kusimama mezani.

Nikasema moyoni: hapa ndipo nitakapompendeza mama.

Nilikipeleka karakana, nikakibana taratibu kwenye jiliwa. Nilikata kijiti kikawa sawasawa na ukuta. Nilikwangua masizi yote, nikapitisha msasa laini mpaka ndani kukawa kweupe. Kitako nikakipiga randa kidogo kisimame. Mwisho nikapaka vanishi, mkono wa kwanza na wa pili, nikakianika juani. Saa tisa na nusu nilikirudisha kwenye benchi, kimesimama chenyewe, kinang'aa kama viatu vya bwana harusi. Nikajifanya napalilia mboga ili nisikose kuuona uso wake.

Alitoka, akakitazama kiko, akanitazama mimi, akajaza tumbaku. Akawasha. Kwanza ikaja harufu ya duka la rangi. Akavuta tena, macho yakaanza kumtoka machozi, lakini hakuacha; yule mama hajawahi kuacha kitu katikati. Mara ya tano au ya sita kitako kikatoboka, na kaa la moto likadondoka kwenye gauni lake.

Alilipangusa kwa ncha za vidole. Kisha akakigeuza kiko juu chini, akanitazama kupitia lile tundu.

"Nani amemtibu mgonjwa ambaye hakuumwa?" akauliza.

"Ni mimi, mama." Jembe lilikuwa bado mkononi. "Kijiti kilikuwa kimetokeza ndani. Milimita nane."

"Najua. Mimi ndiye niliyekuwa nakivuta."

"Nilidhani ni kazi mbaya."

"Kile kijiti kinazuia moto usikae kitakoni. Kinaungua kidogo mwanzoni, halafu kinazoea. Na yale masizi ndiyo yanayokinga gunzi. Nimeyatengeneza miaka mitatu. Wewe umetumia muda gani kuyatoa?"

"Dakika arobaini."

Akaguna, akaingia chumbani, akafunga mlango. Mlango wangu mwenyewe, usiopenyeza hata karatasi, hivyo sikusikia kama analia au anafunga mzigo. Mke wangu alikuwa dirishani jikoni na kijiko mkononi. Alininyooshea kidole kimoja tu, kunikumbusha kazi zangu zilikuwa ngapi.

Usiku ule sikupata hata lepe la usingizi. Asubuhi, kabla sijamaliza chai, mama mkwe akasimama mlangoni na mkoba begani. Roho ikanipaa.

"Mkwe, vaa viatu," akasema. "Tunaenda kununua kiko."

Duka la tumbaku lilikuwa mkabala na fundi viatu, dogo, lenye miavuli imening'inia darini na muuza duka aliyevaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Viko vya gunzi vilikuwa kumi na moja ndani ya boksi la viatu. Nikaona hapa ndipo pa kujisafisha, nikachomoa kile kilichonyooka kuliko vyote, laini, rangi moja, hakina hata kovu.

"Hicho kimepakwa poda," mama mkwe akasema bila kukishika. "Gunzi lina vitundu. Wakiviziba vyote kwa plasta, unavuta plasta."

Alivipanga vyote kwenye kaunta, akaanza kuvikagua kama anayekagua barua kabla ya kuipeleka kwa mkubwa. Kwanza alitazama unene wa ukuta kutoka juu. Vitatu vikarudi boksini. Kisha akachungulia kama tundu la kijiti limetokea chini kabisa ya shimo au limepanda juu, vinne vikarudi. Vilivyobaki alivifuta mrija kwa kitambaa chake cha mkononi, akavuta hewa tupu, akasikiliza. Kilichopiga mluzi hakutaka hata kukitazama tena.

"Mama, ukishakitia mdomoni umekinunua," muuza duka akasema kwa upole.

"Nitanunua," akajibu. "Sijasema kipi."

Ndipo akafanya jambo ambalo sijawahi kuona dukani. Alikibana kiko kwa meno, akaweka mikono yote miwili juu ya kaunta, akaanza kupiga chapa. Vidole kumi, mbio mbio, juu ya mbao tupu, na mwisho wa kila mstari mkono wa kushoto ukisukuma kitu kisichokuwepo. Kiko cha kwanza kiliinamia kidevuni akakitoa. Cha pili kikatulia kama kimeota pale.

Muuza duka alikuwa amesogea kutazama. "Unaandika nini, mama?"

"Barua ya kukulalamikia."

Kile alichokichagua kilikuwa kibaya, Mungu anisamehe. Kimeinama upande, gunzi lina madoa, na ndani kijiti kimetokeza si chini ya milimita tisa. Mkono ulianza kuniwasha, nikauingiza mfukoni.

"Na wewe chagua chako," akaniambia.

"Mama, mimi sivuti. Karakana imejaa maranda, pale hata kiberiti hakiingii."

"Sikukuuliza kuhusu karakana."

Basi nikafanya alivyofanya. Ukuta, tundu, hewa. Nilifumba macho, maana nikitazama ningechagua chenye umbo. Nilichokipata kilikuwa na nundu, lakini hewa ilipita laini bila mluzi. Akaguna, na guno hilo lilikuwa tofauti na la jana. Wakati muuza duka akitufungia viko na pakiti ya tumbaku, nilimsikia mama mkwe akimuuliza mzigo mwingine unafika lini. Mwezi ujao, akajibu. "Niwekee vitatu," mama mkwe akamwambia, "vyenye ukuta mnene." Sikulitia maanani, nilikuwa nageuzageuza kiko changu kama mtoto aliyenunuliwa filimbi.

Saa kumi tukakaa kwenye benchi. Akanifundisha kujaza: mafungu matatu, la kwanza unaliachia lijiangukie lenyewe, la pili unalibonyeza kidogo, la tatu unalibonyeza mpaka lirudishe kidole. Unawasha, tumbaku inajikunja na kuvimba, unaishindilia, unawasha tena.

Nilivuta kwa nguvu. Ulimi ukaungua, nikakohoa mpaka mke wangu akachungulia.

"Hupulizi jiko hapo," mama mkwe akasema. "Vuta kama unayesoma barua ndefu. Polepole, na usiruke mistari."

Kilikuwa kichungu kama kijiti kilichoungua, na ndicho kilichokuwa kikiungua kweli. Mjazo wa kwanza, wa pili, wa tatu, yote michungu. Nilitaka kuchungulia ndani nione kimefikia wapi, akanizuia kwa kiganja.

"Usitazame. Ukitazama utapata wazo."

Siku zikaenda hivyo. Kila saa kumi nilifunga karakana, nikanawa mikono, nikakaa upande wangu wa benchi. Siku ya tano ya kuvuta uchungu ukapungua. Siku ya saba, sijui nisemeje, moshi ulikuja mwepesi, wenye utamu wa mbali wa mahindi ya kuchoma, na kiko kikatulia mkononi chenye joto la kadiri, kama kikombe cha chai uliyoisahau kidogo. Niliegemea ukuta nikasahau kabisa kwamba kuna dirisha la watu linanisubiri. Baada ya nusu saa mama mkwe akaniambia, bila kuulizwa, kwamba baba mkwe hakuwahi kujifunza kuvuta bila kukohoa, lakini alikaa naye kila jioni, miaka thelathini, kwa ajili ya kukaa tu. Nikasogeza kiberiti karibu yake.

Ilipofika siku ya mwisho, hakuwa amesema ndiyo wala hapana. Mkoba wake ulikuwa mlangoni, tiketi ya basi imechomoza mfukoni mwa mkoba. Mke wangu alikuwa amepika tangu alfajiri na macho yake mekundu akayasingizia vitunguu. Yangu yalikuwa mekundu pia, na sikuwa na cha kusingizia. Mama mkwe alikuwa kwenye benchi, kiko mdomoni.

"Milimita," akaniita. Hajawahi kuniita hivyo. "Nataka kazi."

"Sema, mama."

"Kishikio cha viko. Matundu matano. Gunzi likivutwa leo linataka kupumzika kesho, kimoja hakitoshi."

Nikatoa penseli nyuma ya sikio. Nilipiga moyo konde nikauliza kama fundi anavyomuuliza mteja. "Cha kubeba au cha ukutani?"

"Cha ukutani." Akanyoosha mrija wa kiko nyuma ya bega lake, kuelekea kile chumba. "Karibu na dirisha."

"Misumari au skrubu?"

"Skrubu. Ndefu. Sitaki kitoke."

Mke wangu alikuwa amesimama na sinia mikononi. "Mama," akasema taratibu, "na hiyo tiketi?"

"Naenda kufunga nyumba na kuchukua mashine yangu ya chapa. Jumamosi nimerudi." Akavuta, akatoa moshi, akanigeukia. "Matundu yawe makubwa kidogo. Viko vyangu havijanyooka, na usivinyooshe."

Mke wangu aliweka sinia chini, akaketi pale pale kwenye kizingiti akicheka na kulia kwa pamoja. Mimi niliingia chumbani na futi kupima ukuta. Nilipima mara tatu, nikapata namba tatu tofauti.