Ongeza Kiraka

Mfuko ule ulikaa juu ya kabati la fundi cherehani miezi kumi na mmoja, na kwa miezi yote hiyo fundi hakuupa mgongo hata siku moja. Alihamisha cherehani yake kutoka dirishani akaiweka pembeni kwenye kiza, ili mradi akishona awe anautazama. Wateja wakamuuliza, "Fundi, mbona unayatesa macho?" Akawajibu kwamba jua linachujua vitambaa. Uongo mtupu.

Ulikuwa mfuko wa upepo, mrefu kama mkono wa shati la jitu, wazi huku na huku. Kiwanjani huning'inizwa kwenye mlingoti ili rubani aliye juu aujue upepo: mfuko ukilala, upepo hakuna, ukinyooka, upepo mkali. Kaka yake fundi, mwalimu wa urubani, ndiye aliyekuwa akiuleta kila ulipochanika. Wanafunzi walimwita Taratibu, maana hata kikombe cha chai alikirudisha mezani kama anatua nacho.

Mara ya mwisho ulikuja umepasuka mkiani. Nailoni ilikuwa imemwishia fundi, akachukua kipande cha turubai la kijani, akakibandika. Kaka mtu akaupima mkononi, akacheka.

"Mdogo wangu, huu umeuvalisha buti."

"Utumie hivyo hivyo. Jumatatu nitafumua."

"Jumatatu ya mwaka huu?"

Jumatatu tisa zikapita, kila moja na nguo zake za watu. Kaka hakumsumbua. Hakuwa mtu wa kusumbua. Mafuriko yalipokata barabara, ndiye aliyevusha wagonjwa kwa ndege kutwa nzima, kesho yake akaingia darasani na matope kwenye viatu, asimwambie mtu.

Jumatatu ya kumi, injini ya ndege ya mafunzo ikazimika hewani. Yaliyofuata mji mzima uliyajua. Ndege ilishuka kimya kama jani. Wakata nyasi sita walikuwa wamekaa katikati ya njia ya kutua ndege, wanapumzika, migongo yao imeielekea ndege, hawana habari. Mwalimu akawakwepa, ndege ikaingia mtaroni. Wakata nyasi wote wazima. Mwanafunzi aliyekuwa naye akavunjika mguu. Mwalimu hakutoka.

Watu walisema shujaa. Fundi alisikia neno jingine. Makaburini, nyuma yake kabisa, mwanafunzi mmoja alimnong'oneza mwenzake, "Ongeza kiraka." Mwenzake akaitikia kwa kichwa, machozi yanamtiririka.

Basi. Fundi akajua kuwa wanajua. Kiraka kizito kilikuwa kimeulaza mfuko, kaka yake akadhani upepo ni mdogo, kumbe ni mkali, ukamshusha chini kabla ya wakati. Angekuwa juu zaidi kidogo, angewapita wale watu vichwani, akatua mbele yao.

Shule ikamletea ule mfuko uwe kipimo cha kushonea mpya, na kitambaa juu yake. Kitambaa hakikuguswa. Na mfuko ukaanza kupumua. Mchana mweupe, dirisha limefungwa, vumbi limetulia, mdomo wake ulijaa polepole, kisha ukanywea. Akisimamisha cherehani, fundi alisikia mlangoni, "Mdogo wangu, umefumua?" Akiikanyaga tena, sauti inapotea. Ndiyo maana alishona kuliko fundi yeyote mtaani, akakonda hadi pete ikamvuka kidoleni.

Alasiri moja mlango ukagongwa kweli. Alikuwa msichana mwenye gongo kwapani, yule mwanafunzi aliyevunjika mguu.

"Hodi, shangazi." Wanafunzi wote walimwita shangazi, mwalimu walimhesabu baba yao.

"Karibu, mwanangu. Kaa, huo mguu."

"Mguu mzima, unadeka tu. Nimefuata mfuko, shangazi. Ule wa akiba umebaki nyuzi. Jumamosi narudi hewani, na sipandi ndege mlingoti ukiwa uchi."

"Nenda kwa fundi mwingine."

"Mwingine si atauwekea mifuko na zipu!"

Fundi hakucheka. Alikanyaga cherehani bila kitambaa, sindano ikawa inadunga hewa. Msichana akaitazama ile sindano, akamtazama yeye.

"Shangazi, una nini?"

"Siku ile. Aliutazama mfuko?"

"Aliutazama."

Cherehani ikasimama. Mlangoni sauti ikauliza lile swali lake.

"Basi nimemuua mimi," fundi alisema. "Kiraka changu. Nanyi mnajua, niliwasikia makaburini. Ongeza kiraka, ongeza kiraka."

Msichana akacheka na kulia kwa mpigo mmoja.

"Shangazi, hilo ni somo! Siku ya kwanza alitusimamisha chini ya mlingoti. Akasema, 'Huu kaushona mdogo wangu, una kiraka kizito. Ukiuona umelala kidogo, usiuamini, upepo ni mkali zaidi; ongeza kiraka.' Sasa tunaambiana hivyo kwa kila kitu. Mvua, mtihani, hata wachumba."

"Angeniambia nifumue."

"Tulimwomba akwambie. Akakataa. Alisema kikifumuliwa tutaacha kufikiri."

"Na siku ile?"

Msichana aliteremsha sauti. "Usukani nilikuwa nao mimi, nimeganda. Akautazama mfuko, akasema, 'Ongeza kiraka.' Nikaongeza: nikakata kona mapema, tungali juu. Tukaifikia njia, shangazi. Tuliifikia! Pa kutua palikuwepo, ila pamejaa watu, na hapakubaki nafasi ya kuwavuka. Ndipo aliposema, 'Sasa nimeshika mimi.' Akaigeuza, mtaro ukaja upande wake."

Miezi yote fundi alikuwa amejiandaa kwa lawama, amekaza shingo kuipokea, na sasa shingo haikujua ilegee vipi.

"Leo siku gani?" akauliza.

"Jumatatu."

Akainuka, akaushusha mfuko kabatini, akautandaza mezani, akachukua wembe. Alifumua uzi baada ya uzi, bila haraka, kama ambavyo kaka yake angependa. Turubai la kijani likaanguka sakafuni kwa kishindo kisicholingana na udogo wake.

"Mpya nitaushona kwa nailoni tupu," alisema. "Hicho kiraka kaning'inizeni darasani. Msije mkaacha kufikiri."

Msichana alikuwa anatazama meza. Mdomo wa mfuko ulikuwa umeinuka, ukajaa, na mfuko mzima, pamoja na mpasuko wake, ukanyooka polepole hadi mkiani. Dirisha lilikuwa limefungwa. Mlango pia.

"Unaona?" fundi alinong'ona.

"Naona. Upepo unatoka mlangoni."

"Niongeze kiraka?"

"Hapana, shangazi," msichana alisema, vinyweleo vimemsimama shingoni. "Huo uache ulivyo."

Wakasimama pamoja, hawakusogea, mpaka mfuko ukalala wenyewe. Fundi akasikiliza mlangoni. Hakuulizwa kitu.