Leseni Inaishia Mtoni

Dokta Haugen, mwanasaikolojia, aligoma kuendelea na matibabu pale pale dada yangu Janae alipomjibu ukweli.

Kila wakianza kuongea kwa video, yule mama huuliza swali hilo hilo kwanza: uko wapi sasa hivi? Miezi yote Janae alikuwa anajibu, "Nyumbani, Parma," upande wa Idaho. Siku hiyo akajibu, "Kwa mdogo wangu, huku Nyssa." Mimi nilikuwa jikoni nakaanga mayai. Nikamsikia dokta akisema, kwa upole kabisa, "Janae, Nyssa si iko Oregon?"

"Eeh. Hapo tu, ng'ambo ya daraja."

"Pole sana. Leseni yangu ni ya Idaho. Mgonjwa akiwa amekaa Oregon, siruhusiwi kumtibu. Hata kwa video."

Niliacha mayai yaungue. Nikaenda kujipachika mbele ya kamera.

"Wewe uko Boise, Idaho," nikamwambia. "Wiki iliyopita ulikuwa Boise, leo uko Boise. Kiti chako kimesogea?"

"Sheria haiangalii kiti changu, Treven. Inaangalia cha kwake."

"Majimbo si yamesaini mkataba wa kukubaliana leseni? Nimesikia."

"Mengi yamesaini. Idaho imo. Oregon bado."

Bado! Mimi napakia malori kwenye ghala la vitunguu hapa Nyssa. Kitunguu chetu kinavuka mto huu wa mpakani kila saa, kinafika mpaka Florida, hakuna anayekiuliza kimekaa wapi. Lakini dada yangu akilia mbele ya kompyuta upande huu wa maji, hapana, kosa.

Na kosa lenyewe lilikuwa letu, ndiyo. Nani anamwambia daktari wake kwamba anahamia kwa mdogo wake, mwendo wa dakika chache? Sisi watu wa mtoni tunanunua mkate huku, tunaoa kule, tunazika popote. Hatukuwaza.

Ilikuwa hivi. Lori liligonga gari la Janae barabara kuu, rafiki yake Kenzie akiwa kiti cha pembeni. Kenzie alifia pale pale. Tangu hapo Janae hapandi gari. Hataki hata kusimama karibu na gari linalonguruma. Kazi ikaondoka, chumba kikaondoka, nikamchukua. Siku ya kuhama nilimlaza nyuma ya pikapu yangu amemeza vidonge vya usingizi, na bado alipiga mayowe daraja zima. Akaniapia hatapanda tena. Dokta Haugen ndiye alikuwa amemfikisha mahali pa kukaa ndani ya gari lililozimwa, mlango wazi, akihesabu pumzi. Kazi ya miezi. Mimi nikaiharibu kwa safari moja, na sasa mwenye kuitengeneza anasema hana ruhusa.

"Wapo wanasaikolojia wa Oregon," akasema. "Nitakutumia majina."

Niliwapigia. Wa kwanza hapokei wagonjwa wapya. Mwingine akasema mwezi wa nne, labda. Wa tatu hachukui bima ya Janae, na msichana wake wa mapokezi akanitakia siku njema. Nikamjibu jambo ambalo siliandiki hapa.

Janae akaacha kula. Alikuwa analala bafuni, maana ndiko hakusikiki malori. Nikampigia dokta tena.

"Sikiliza," akasema, "wagonjwa wangu wengine wanaoishi Oregon huendesha mpaka Idaho. Wanaegesha kwenye kituo cha mafuta, tunaongea wakiwa ndani ya gari. Hilo linaruhusiwa."

"Ndani ya gari."

"Ndiyo."

"Dokta, anaogopa magari! Si ndicho unachomtibu?"

Nikakata simu.

Nikamwambia Janae njia rahisi: danganya. Akiuliza, sema Parma. Kompyuta haina pua ya kunusa.

"Siwezi," akasema.

"Kwa nini? Unataka kwenda peponi?"

"Bwege wewe. Yule ndiye mtu pekee ambaye sijamdanganya tangu Kenzie afe. Wewe nakudanganya kila siku kwamba nimekula. Nikimdanganya na yeye, nitapona kwa lipi?"

"Basi tutavuka kwa miguu, uongee naye kwa simu upande wa Idaho."

Alinitazama kama nimemtukania mama. Lakini Jumamosi, saa ya miadi niliyoomba kwa dokta ilipokaribia, alivaa viatu mwenyewe.

Daraja lile halikujengwa kwa ajili ya watu. Kuna ukingo mwembamba, halafu barabara, halafu malori. Upepo unapiga kutoka mtoni. Janae alishika koti langu nyuma, amefumba macho, mimi nikawa namtukana kila dereva ili asisikie injini. Katikati likapita lori lenye tela mbili, daraja likatetemeka, na Janae akakaa chini. Chini kabisa, kwenye zege, mikono masikioni.

Nikampigia dokta, nikaweka sauti ya nje.

"Tuko darajani. Amekaa chini. Ongea naye."

"Kibao cha mpaka wa Idaho mmekipita?"

"Nakiona."

"Nimeuliza kama mmekipita."

"Mama wee, una moyo au una muhuri?"

"Treven, kama yuko hatarini, piga nambari ya dharura sasa hivi. Kama hayuko, siwezi kuanza hapo. Sikati. Nasubiri."

Janae akainua kichwa. Akanipokonya simu.

"Umeuliza nini?"

"Nimeuliza kama mmepita kibao."

"Nimekaa kwenye zege! Karibu nijikojolee, Kenzie yuko kaburini, na wewe unaniuliza kibao?"

"Ndiyo. Nikinyang'anywa leseni nitakupoteza. Njoo upande huu, Janae."

"Upande huu! Upande huu, anasema! Njoo wewe, na makaratasi yako, ukae hapa!"

Akasimama. Nawaambia, tangu ajali sijawahi kumsikia dada yangu akipaza sauti bila kulia. Akaanza kutembea, simu mdomoni, akimwaga matusi ambayo sikujua anayajua. Lori likapita, akaligeukia akalitukana nalo, akaendelea. Mimi ndiye nilikuwa nakimbia nyuma. Alipofika kwenye kibao akakipiga kofi, akakaa kwenye majani makavu chini yake.

"Nipo Idaho. Anza. Na uanze vizuri, maana leo nitakusema wewe kwanza."

"Niseme," akasema dokta. "Nakusikiliza."

Nikasogea mbali, nisisikie. Kutoka pale naliona paa la ghala letu. Ningepiga mluzi, jamaa wa zamu wangenisikia. Na watu wazima wenye elimu zao walikaa mezani wakaamua kwamba kati ya pale na hapa machozi yanabadili uraia.

Walipomaliza, Janae alikuwa mtulivu. Macho mekundu, lakini mtulivu. Akanirudishia simu, akatazama daraja. Malori mawili yalikuwa yanakuja.

"Zimeisha," akasema.

"Nini?"

"Hasira. Nimezimaliza kwake. Sasa nitarudije?" Akanivuta koti. "Treven, niudhi."

"Kweli?"

"Niudhi haraka, kabla sijakaa."

Nikaanza na yule mchumba wake wa kwanza, na jinsi Janae alivyotupikia vibaya siku ya Krismasi. Akanipiga ngumi ya bega, akatangulia darajani.