Beki wa Kuazimwa

Mipira ya mazoezi ilikuwa minne, na mmoja ulishaanza kulainika. Komeo aliubonyeza kwa kidole gumba, akautupa kando, kisha akaufuata na kuurudisha. Mitatu isingetosha. Wachezaji nao walikuwa kumi na wanne, ukimhesabu kipa wa pili aliyefungwa plasta kidoleni. Wengine wote walichukuliwa mmoja mmoja tangu katikati ya msimu, kila mmoja kwa barua nzuri yenye nembo ya Kundi.

Kundi lilimiliki saruji, maji ya chupa, bima, mabasi, na timu mbili za ligi kuu. Hata ligi yenyewe ilidhaminiwa na Kundi. Timu kubwa ilikuwa makao makuu, kwenye taa na nyasi za kumwagiliwa. Timu ya kiwandani, ambayo wafanyakazi wa saruji waliianzisha kwa kuchangishana, iligeuzwa shamba la kuchumia. Kiungo akinawiri, anachumwa. Winga akinawiri, anachumwa. Halafu watangazaji wanauliza redioni eti kwa nini vijana wa kiwandani hawaelewani uwanjani.

Ilibaki mechi moja, Jumapili, nyumbani, na mpinzani ni timu kubwa. Kuanzia msimu ujao sheria ilikataza mmiliki mmoja kuwa na timu mbili. Wakipata sare wangebaki ligi kuu, na Kundi lingelazimika kuwarudishia wanachama timu yao. Wakifungwa wangeshuka daraja, na Kundi lilishatangaza kwamba timu ikishuka inavunjwa na uwanja unakuwa ghala la saruji.

"Nahodha," kocha alimwita akiwa ameangalia nyasi. "Unatakiwa ofisini."

Ofisini alimkuta meneja wa michezo wa Kundi, mwanamke mdogo kwake kwa umri, amekalia kiti cha kocha.

"Kaa, kaka yangu. Mguu unaendeleaje?"

"Haujambo."

"Afadhali, maana beki wa timu kubwa ameumia paja. Tunakuazima kwa mechi moja tu."

"Ipi?"

"Ya Jumapili."

Komeo alicheka. Alipoona anacheka peke yake, akaacha.

"Usajili si umefungwa, dada?"

"Ligi imetupa kibali cha dharura. Asubuhi hii hii."

"Ligi ni ninyi."

"Sisi ni wadhamini tu, kaka."

"Mimi ni nahodha wa hawa watu. Miaka kumi na mmoja."

"Na tunakuheshimu kwa hilo. Lakini mkataba wako ni wa Kundi, si wa timu. Ulisaini mwenyewe. Halafu wewe ndiye unayemjua mshambuliaji wao."

Wao! Mshambuliaji huyo wa kiwandani alikuwa mdogo wake, tumbo moja, na mpaka leo walikuwa wanakula sahani moja.

"Na nikikataa?"

"Nani amezungumzia kukataa? Nyumba ile ni ya mchezaji wa Kundi. Mama yuko mle, wifi yangu yuko mle, na watoto. Tusifike huko." Alimsogezea kalamu. "Na mdogo wako tutamwangalia. Wenye vipaji hatuwatupi."

Komeo akasaini. Anayetaka kumcheka kwanza amtoe mama yake mzazi nje na godoro lake, amkalishe kando ya barabara, ndipo arudi kucheka.

Jioni hiyo ya Alhamisi walikula pamoja. Mama alipoinuka kuchukua maji, mdogo mtu akasema, "Kwa hiyo Jumapili unanikaba mimi."

"Nitachelewa," Komeo alinong'ona. "Ukinijia na ile chenga yako, nitakwenda kushoto kama wajinga wengine. Wewe malizia."

"Utaweza, kaka?"

"Kuchelewa nako kuna kushindwa?"

"Mnanong'ona nini mezani?" mama aliuliza akiwa mlangoni.

"Mpira, mama," walijibu pamoja.

Jumapili Komeo aliingia uwanjani na jezi ya timu kubwa. Alikuwa amejiandaa kuzomewa. Hakuna aliyemzomea. Jukwaa zima la watu wa kiwandani, waliozoea kuliimba jina lake, lilinyamaza.

Timu kubwa ilifunga mapema, kwa kona, na aliyefunga alikuwa kiungo aliyechumwa miezi mitatu nyuma. Hakushangilia. Baada ya hapo vijana wa kiwandani walikimbia kama watu wanaofukuzwa nyumba, maana ndivyo ilivyokuwa. Waligonga mwamba wa goli mara mbili. Kocha alikaukiwa sauti kwa kupiga kelele.

Dakika ya themanini na nane mdogo mtu alipokea mpira katikati, akawapita wawili, akabaki na Komeo peke yake, na nyuma ya Komeo kipa. Akadondosha bega la kulia. Chenga ile Komeo alimfundisha mwenyewe uani, chini ya kamba za nguo. Beki mwingine yeyote angekwenda kushoto. Komeo naye alikuwa ameamua kwenda kushoto, alikuwa ameamua tangu Alhamisi, na aliupa mwili wake amri hiyo. Mguu haukungoja amri. Ulifanya kazi uliyoifanya miaka yote: ulinyooka kulia, ukauondoa mpira safi kabisa, bila hata kumgusa mtoto wa mama yake.

"Kwisha habari," alisema mtangazaji. Muda si mrefu refa akapuliza filimbi ya mwisho, moja bila.

Komeo aliondoka uwanjani bila kumtazama mtu. Meneja alimwita akapige picha ya mchezaji bora. Hakusikia, au alisikia akapita. Alishuka ngazi, akakata kona, akasukuma mlango aliousukuma miaka kumi na mmoja, akaingia.

Vijana wa kiwandani wakainua vichwa. Ndipo alipokumbuka jezi aliyovaa.

Mdogo wake, namba tisa mgongoni, alikuwa benchini, anafungua kamba za viatu. Alimtazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni aliyepotea njia.

"Karibu," alisema. "Unamtafuta nani?"

Katikati ya chumba mtunza stoo wa Kundi, aliyetumwa tangu asubuhi na gunia tupu na orodha ya jezi, alikuwa anahangaika: gunia lilikuwa linajikunja kila alipojaribu kuweka alama kwenye karatasi.

"Huyu ni mwenzangu, wa kampuni," aliwaambia. "Bwana, hebu nishikie hapa."

Komeo alishika mdomo wa gunia kwa mikono miwili, akautanua. Mmoja mmoja walivua jezi, wakaja mbele yake vifua wazi, wakazitumbukiza. Mtunza stoo aliweka alama.

"Bado namba tisa," alisema.