Flashi Kwenye Fundo la Khanga

Jamani, mimi hasira zangu nazijua, na siku ile zilinipanda hadi utosini. Saa tano asubuhi, chumbani kwetu kwa kazi pale Isevya, kompyuta mpya inaniambia: ufunguo haupatikani.

Miradi yote nilikuwa nimeihamisha vizuri kutoka kompyuta ya kuazima. Nilichosahau ni mipangilio. Programu ninayoandikia kazi huiweka pembeni, kwenye folda iliyofichwa, na humo ndimo ulimokuwa ufunguo wa siri unaozithibitishia simu kwamba toleo jipya la programu yetu ya mizinga ya nyuki limetoka kwetu. Bila ufunguo ule ule, simu za wafugaji nyuki wa Kwihara zingelikataa. Kulilazimisha ni kufuta kwanza la zamani, nalo linaondoka na kumbukumbu za mizinga yao yote, miaka mitatu. Na mnunuzi wa asali anakuja saa nane kuziona katika toleo hilo jipya. Asipoziona, anageuza gari kwenda kununua kwa wafugaji wa Sikonge.

Nikampigia Urmi, mwenye duka aliyetuazima kompyuta.

"Wala usijali, dada. Wifi yako kairudisha jana, safi, haina kitu ndani. Na chupa ya asali juu yake! Mna adabu nyie."

Nikakata simu.

Wifi yangu Advera, ninayefanya naye kazi, mke wa kaka yangu Zablon, ndiyo kwanza anaingia.

"Umeifuta ile kompyuta?"

"Nimeifuta, wifi. Ningemrudishia mwenyewe na uchafu wetu? Ila..."

"Ila nini? Umetumaliza!"

"Wifi, nisikilize kwanza..."

"Nikusikilize wewe? Zablon angeoa jiwe, lingekuzidi akili!"

Simu ikalia. Mzee Modest, mwenyekiti wa wafugaji.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshakusanyika, tunakungoja wewe tu."

"Nusu saa, baba," nikasema, na nilikuwa nadanganya.

Nilipokata simu, Advera alikuwa anafungua fundo la khanga yake. Akatoa flashi, akaiweka mezani. Nikaichomeka. Folda ya mipangilio ilikuwemo, nzima. Aliinakili kabla ya kufuta. Ndicho alichokuwa anataka kuniambia.

Nikaihamishia kwenye kompyuta mpya, vidole vikikosea kila herufi ya nywila. Mara ya tatu ufunguo ukakubali, nikalituma toleo jipya kwenye simu za wafugaji. Saa sita kasoro dakika kumi Mzee Modest akapiga tena, nyuma yake watu wanashangilia: toleo jipya limeingia, mizinga yao yote inaonekana. Nililia, sioni aibu kusema.

Nikageuka nimkumbatie Advera. "Wifi, nisamehe. Mdomo wangu huu, wallahi..."

Alikuwa anakunja waya wa chaja yake, anautia kwenye mkoba. Miaka sita tangu aolewe kwetu, hajawahi kuniita kwa jina; siku zote mimi ni wifi.

"Ukimaliza ufunge mlango, Dafrosa," akasema, akatoka.