Sindano ya Kumi na Nane

Uliangalia pembeni. Usinibishie, nilikuwepo. Ulikaa benchi la ukutani, la pili kutoka mlangoni, una kapu la sungura mapajani na simu mkononi. Simu yenyewe ilikuwa imezimika. Kioo chake kilikuwa cheusi tii, nawe ulikikodolea macho nusu saa nzima. Mtu anayetazama simu iliyozimika anajitazama sura yake mwenyewe, apate kisingizio cha kutotazama ya mwenzake.

Alhamisi hii, saa tatu asubuhi, wenye ile hospitali ya wanyama wanakaa kikao cha kumfukuza kazi daktari. Wamempa barua ya kujieleza. Barua inasema alivunja utaratibu Jumapili ile kwa kumtibu paka ambaye hakuwa na dharura yoyote. Mimi nimeshaandika nilichokiona, wakakitupa kando, kwa kuwa mwenye paka ni shemeji yangu. Neno lako wewe hawana pa kulitupa. Kwa hiyo nakukumbusha ulichokiona, na kile ambacho hukukiona nakueleza. Nakumbuka mpaka rangi ya soksi zako.

Mimi na shemeji yangu tuna baraza moja. Yeye anashona nguo, mimi natengeneza viatu. Watu wanamwita Mama Pindo, kwa sababu suruali yako anaifupisha ukiwa bado umesimama unamhadithia habari za nyumbani kwako. Tangu kaka yangu afariki, anaishi na paka mmoja wa kijivu anayeitwa Meneja. Jina hilo alipewa kwa haki: hafanyi kazi yoyote, analala juu ya kitambaa cha wateja, na kila anayeingia lazima amkague miguu.

Sasa sikiliza jambo moja kuhusu Mama Pindo, maana kesi yote imesimama hapo. Miaka kumi na moja iliyopita, mzazi mmoja alikuta sindano kwenye kola ya sare ya mtoto. Haikumchoma mtu. Mzazi mwenyewe alicheka, akairudisha. Mama Pindo hakucheka. Tangu siku hiyo hafungi kazi kabla hajahesabu sindano zake za mkono. Ni kumi na nane, zinakaa kwenye kimto chekundu, kila moja na tundu lake. Ikipungua moja, hatoki mtu. Niliwahi kuchelewa harusi ya binti yangu wa kumzaa kwa ajili ya sindano iliyokuwa imejichomeka kwenye soli ya kiatu changu mwenyewe.

Jumapili ile saa nane mchana alikuwa anamalizia sare, shule zinafunguliwa kesho yake. Akahesabu. Kumi na saba.

"Shemeji, hebu inua miguu."

"Miguu yangu haina sindano."

"Ndivyo ulivyosema siku ya harusi."

Nikainua. Hapo ndipo tukasikia chini ya meza mtu anakohoa kama aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Alikuwa Meneja. Mdomo wazi, ute unamchuruzika, anajikuna shavu kwa mguu wa mbele. Chini ya ulimi kulikuwa na kipande cha uzi wa buluu kinaning'inia, urefu wa kucha.

Kosa langu nalisema mwenyewe kabla hawajalisema wao. Mkono wangu umefundishwa kitu kimoja miaka thelathini: ukiona uzi, uzungushe kidoleni, ukaze. Kiatu ambacho uzi wake haukukazwa hakifiki mwisho wa mtaa. Sikufikiri. Niliushika ule uzi, nikauzungusha, nikakaza. Meneja alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa kiumbe chochote, na Mama Pindo akanichapa kifundo cha mkono kwa rula yake ya mbao.

"Acha. Huo uzi una mwenzake upande wa pili."

Hakuukata, hakuuvuta. Alimfunga Meneja kwenye kanga akabaki kichwa tu, akachukua kimto chake, akatoka. Mimi nikamfuata nikiwa bado na aproni.

Tulipoingia pale mapokezi ulikuwa umeshafika. Unaujua ule ukuta nyuma ya dada wa mapokezi? Una matundu manne ya misumari, na katikati yake mraba ambao rangi haikupauka. Pale palikuwa na karatasi ya bei. Naikumbuka mstari kwa mstari, mpaka kosa la tahajia kwenye neno "minyoo." Waliitoa siku walipopaka geti rangi, wakasema itarudi. Geti limeshapata kutu tena.

"Kianzio kwanza, mama," dada wa mapokezi alisema. "Jumapili ni bei ya dharura. Bila kianzio daktari hamgusi."

Akasukuma karatasi. Mama Pindo huhesabu kila kitu kwa sare, yaani ujira wa kushona sare moja, hata bei ya sukari. Nikamwona midomo inacheza. Ilikuwa sare arobaini. Mkononi alikuwa na za kumi na moja.

"Mwanangu, hizi picha nne za nini?"

"Za kuangalia amemeza nini."

"Lakini najua amemeza nini."

"Mama, na mimi nimeajiriwa tu."

"Najua. Sikugombezi wewe. Nauliza karatasi."

Wengine wakaanza kunong'ona. Yule mzee mwenye jibwa kubwa lililofungwa bandeji alisema mwaka jana lililazwa siku tatu kwa sababu ya kupe. Yule mama mwenye kasuku akasema wake alipimwa damu mara mbili, akauliza kasuku ana damu kiasi gani mpaka apimwe mara mbili. Yule dada akainua uso, na chumba kizima kikanyamaza, nikiwemo mimi, mimi ambaye barazani sikosi la kusema. Tulinong'ona kama wezi, na sisi ndio tuliokuwa tunaibiwa. Wewe hata kunong'ona hukunong'ona. Ulikuwa na simu yako.

Ndipo daktari akatoka.

Ulimwona. Mwanamke mfupi, macho mekundu. Zamu yake ilikwisha asubuhi, na wa kumpokea hakufika. Pindo la mkono wa koti lake lilikuwa limefumuka, kalibana kwa pini ya karatasi. Najua Mama Pindo aliiona ile pini kabla hajauona uso.

"Nani anakohoa hivyo?"

"Paka wangu, mwanangu. Amemeza sindano ya mkono, namba saba. Ina uzi wa buluu mrefu kutoka kiwiko changu mpaka ncha ya kidole. Haijafika saa moja."

"Ulimwona akimeza?"

"Sikumwona. Nilihesabu."

Akaweka kimto juu ya kaunta. Nimeona wasomi wengi, na wengi wao wangecheka. Daktari hakucheka. Aliinama, akahesabu kwa ncha ya kalamu moja baada ya nyingine, akafika kwenye tundu tupu. Akamtazama Mama Pindo kama fundi anavyomtazama fundi mwenzake. Kisha akaivuta ile karatasi ya sare arobaini.

"Nusu ya haya ni ya kutafuta kitu tusichokijua," alisema. "Huyu mama anakijua."

Akaanza kukata. Picha tatu, akazikata. Vipimo vya damu, akavikata. Kulazwa siku mbili, akakata. Zikabaki picha moja, dawa ya usingizi, na kazi ya mkono wake.

"Dokta, mfumo haukubali bila kianzio," dada wa mapokezi alisema, sasa kwa sauti ya kumwonea huruma.

"Uandikie mfumo jina langu. Ukiuliza, uniulize mimi."

Sema kama hukuyasikia maneno hayo. Ulikuwa hatua mbili kutoka pale.

Picha ilipotoka, daktari aliiinua kwenye mwanga wa dirisha. Sindano ilionekana wazi kama imechorwa kwa kalamu.

"Nani aliuvuta huu uzi?"

Ningeweza kunyamaza. Mama Pindo asingenisema.

"Mimi."

"Fundi wa nini?"

"Viatu."

Akaitazama mikono yangu. "Ndiyo maana. Imechoma nyuma ya ulimi. Ungevuta mara ya pili, nisingekuwa na kazi ya kufanya hapa. Shukuru hiyo rula."

Msaidizi wa Jumapili hakuwepo, walishampunguza. Basi Mama Pindo ndiye aliyeshika taa. Mlango wa chumba cha matibabu haufungiki, bawaba yake imevunjika tangu kabla ya karatasi ya bei kung'olewa, na benchi lako linatazamana nao. Uliona kila kitu nilichokiona mimi. Meneja kalala ulimi nje. Daktari hakuuvuta uzi. Aliufuata, kidole kwa kidole, taratibu, kama mtu anayefuata ukuta gizani. Akaikuta sindano, akaibana kwa koleo jembamba, akairudisha kwa njia ileile iliyoingilia, bila kuongeza tundu. Taa mkononi mwa Mama Pindo haikutikisika hata kidogo. Wanawake wawili hawajawahi kuonana, wanafanya kazi kama waliokulia nyumba moja. Nimesimama kwenye mikutano mingi nikapiga kelele nyingi kuhusu haki. Haki yenyewe niliiona siku hiyo, na ilikuwa kimya.

Kikasikika kitu kikilia kwenye sahani ya chuma. Daktari aliiosha sindano kwa spiriti, akamkabidhi mwenyewe.

"Kumi na nane," Mama Pindo alisema, na ndipo akaketi.

Alilipa palepale. Sare tisa. Kisha akamwambia daktari avue koti.

"Mama, nina wagonjwa."

"Dakika mbili. Huwezi kutibu watu umebanwa na pini."

"Ni wanyama, mama."

"Basi ndio kabisa. Wao hawawezi kukuambia."

Akalishona lile pindo pale kwenye benchi, kwa sindano ileile na uzi uleule wa buluu, kwenye koti jeupe. Daktari alisimama akisubiri, na nikamwona anacheka kwa mara ya kwanza.

Sasa tufike kwako. Hapo ndipo ulipofungua mdomo. Uliinuka na kapu lako, ukasogea kaunta, ukasema taratibu: "Na yangu je, haiwezi kukatwa?" Daktari akaichukua karatasi yako, akaisoma yote, akamtazama sungura meno, akakata mistari miwili. Ukakunja karatasi, ukaitia mfukoni, ukalipa kilichobaki, ukaondoka. Sikulaumu kwa kuomba. Nakulaumu kwa siku zilizofuata.

Jumanne daktari alikuja barazani na kiatu kilichobanduka soli. Alikaa, akatoa barua kwenye mkoba, akampa Mama Pindo asome.

"Wanasema pia nilitoa punguzo kwa ndugu yangu."

"Ndugu gani?"

"Wewe. Wameandika wewe ni mama yangu mdogo."

Mama Pindo akaigeuza barua kama anatafuta upande wa ndani wa kitambaa. "Ningekuwa mama yako mdogo, lile pindo lisingefumuka."

Akacheka, daktari naye akacheka, kisha akaacha ghafla akatazama barabarani. Alisema hana hospitali nyingine ya kwenda, wenye hii ndio wenye zile mbili nyingine. Alisema pia kwamba hajutii. Aliisema hiyo ya pili kwa sauti ileile aliyomwambia dada wa mapokezi aandike jina lake. Soli yake niliishona mishono miwili miwili, na kila mmoja niliukaza.

Siku hiyohiyo Mama Pindo alitandika karatasi kwenye meza ya kukatia. Juu kaandika kilichotokea kwa mistari sita, bila tusi hata moja. Matusi yangu aliyakataa. Mzee mwenye jibwa kashasaini, alikuja kwa miguu na bandeji ya jibwa ikiburuzika. Mama mwenye kasuku kasaini, na kona ya karatasi imeng'atwa, hiyo ni saini ya kasuku. Dada wa mapokezi alikuja akiwa amejifunika mtandio mpaka puani, akaandika jina lake kamili na namba yake ya kazi. Yeye ana mengi ya kupoteza kuliko wewe.

Imebaki nafasi moja. Wanne tu mlikuwa kwenye chumba kile mkiwa si ndugu wa paka, na watatu wameshasema. Kikao kikiuliza wa nne yuko wapi, watasema aliona vingine.

Leo ni Jumatano. Baraza letu linajulikana, ulilipita mara mbili wiki hii ukitazama upande wa pili wa barabara, na Meneja alikuona, yuko juu ya kitambaa anakagua miguu kama zamani. Kalamu iko mezani, imefungwa kwa uzi wa buluu isipotee. Acha kusoma. Simama. Kama huna wa kumwachia sungura, njoo naye. Andika ulichokiona, jina lako chini, kabla Mama Pindo hajahesabu sindano akafunga.