Difu ya Mama Miche

Mama Miche alikanyaga mafuta mpaka injini ikalia kama inachinjwa, lakini pikapu haikusogea. Alipochungulia kwenye kioo cha pembeni, aliona tairi ya nyuma ya kushoto ikizunguka peke yake kwenye utelezi, ikirusha tope hadi juu ya miche. Ya kulia ilikuwa imetulia tuli, kama mgeni anayesubiri kukaribishwa.

Alizima injini. Akashuka, akazama hadi kwenye vifundo vya miguu, na akasema neno ambalo mama mkwe wake asingependa kulisikia.

Hilo jina la Mama Miche alipewa na wateja. Kitalu chake kilikuwa bondeni, kando ya kijito, kwa sababu miche inataka maji. Barabara kuu ilikuwa kule juu, na katikati palikuwa na mlima wa udongo mfinyanzi. Kiangazi ulipandika bila shida, ila kiangazi hakuna anayenunua miche. Watu hutaka kupanda mvua ikinyesha, na mvua ikinyesha pikapu haitoki bondeni. Kila mwaka hadithi ilikuwa hiyohiyo.

Mume wake, ambaye kazi yake ilikuwa kufundisha udereva, alishalitafutia dawa tatizo hilo. Aliifunga pikapu matairi makubwa ili ipite juu ya mashimo. Mashimo iliyapita kweli. Mlima ndio ikaukataa kabisa, maana sasa injini ilikuwa inahangaika kuzungusha matairi kabla hata ya kufikiria mzigo.

"Tatizo ni namna unavyoachia klachi," alimwambia mkewe jioni ile.

Mama Miche alisubiri udongo ukauke. Ulipokauka, aliipeleka pikapu kwa shemeji yake.

Shemeji huyo, mdogo wa mume wake, alikuwa na gereji uani kwa mama yao. Watu walimwita Milimita, kwa kuwa hakuna kitu alichokifunga bila kukipima, na akishakipima alikipima tena. Aliingia chini ya pikapu, akakaa huko kwa muda, akatoka na shavu jeusi.

"Shemeji, gia zako za nyuma ni za mwendo, si za mzigo. Ukichanganya na haya matairi ya kaka, umeiua. Halafu difu yenyewe, inayogawia magurudumu nguvu, ni ya kawaida. Gurudumu moja likiteleza, nguvu yote inakimbilia hukohuko linakoteleza. Lenzake lililokanyaga pagumu halipati kitu."

"Kwa hiyo tunafanyaje?"

"Tunabadilisha kroni na pinioni, ile gia kubwa ya duara na hii ndogo inayoisukuma. Tunaweka za nguvu. Na ndani tunaweka difu yenye pleti za kubana. Hapo gurudumu la kushoto likileta utoto, la kulia linaendelea na kazi."

"Itachukua muda?"

"Vipuri vikishafika, ni kazi ndogo tu."

Vipuri vilifika. Kazi ndogo ndipo ilipoanza.

Kila Mama Miche alipokwenda gereji, aliikuta pikapu imeinuliwa kwenye stendi, ekseli zimechomolewa, na Milimita amekaa kwenye ndoo akiitazama kroni kama mtu anayesoma majibu ya hospitali. Aliyapaka meno ya gia hiyo rangi ya njano, akaizungusha kwa mkono, akamulika tochi kuona gia mbili zimegusana wapi.

"Bado," alisema. "Zinagusana juu mno."

Alifungua, akaongeza shimu, vile vibati vyembamba vya kusogezea pinioni, akafunga, akapaka rangi upya.

"Sasa zinagusana chini mno."

"Shemeji," alisema Mama Miche, "mimi hiyo gia siiposi. Nataka ipande mlima tu."

"Ukiifunga hivi italia. Ikilia, utakuja kunililia mimi."

Siku alama za rangi zilipokaa alipotaka, aliikaza nati ya pinioni kupita kiasi, na bushi ya ndani inayobonyea mara moja tu ikabonyea zaidi ya inavyotakiwa. Ikabidi itafutwe nyingine. Dukani hapakuwa nayo. Mama Miche alisikiliza maelezo hayo akiwa amefumba macho. Wakati huo mkuu wa shule ya sekondari, aliyeagiza miche ya kupanda kwenye mteremko uliokuwa unamomonyoka nyuma ya madarasa, alikuwa anapiga simu kila asubuhi. Naye Mama Miche alikuwa anamjibu, "Karibu tunakuja, mwalimu," mpaka akaanza kuionea haya sauti yake mwenyewe.

Hatimaye pikapu ilishushwa chini. Milimita aliizungusha mtaani, akarudi anatabasamu. Ilikuwa kimya na nyepesi.

"Sasa nisikilize vizuri," alimwambia shemeji yake. "Gia hizi ni mpya, hazijazoeana. Endesha taratibu, safari fupi, kisha iache ipoe. Usibebe mzigo, usivute kitu chochote, mpaka nibadilishe oili ya kwanza. Ukizipasha moto sasa hivi, umeziunguza."

Mama Miche aliyarudia maneno hayo neno kwa neno mbele ya mume wake. Mume aliitikia kwa kichwa, huku akisoma kitu kwenye simu.

Kesho yake, Mama Miche akiwa bondeni anaunganisha vikonyo vya miembe kwenye miche, mume alichukua pikapu kwenda kufungua darasa la udereva. Njiani akakuta lori la kokoto limeserereka mtaroni. Wanafunzi wake walikuwa wamesimama pale wakitazama. Mtu mmoja akauliza kwa sauti kama ile pikapu yenye matairi makubwa haiwezi kulivuta.

Lori lilitoka. Walioshuhudia walisema walipiga makofi.

Pikapu iliporudi nyumbani, Mama Miche aliisikia kabla hajaiona. Ilikuwa inavuma sauti nyembamba ya kuudhi, inayopanda na kushuka kwa kufuata mwendo. Mume alishuka akapapasa mifuko kama aliyepoteza kitu.

"Hiyo nini?" aliuliza Mama Miche.

"Nini?"

"Hiyo inayolia."

"Labda upepo."

"Umevuta nini?"

"Lori."

"Tupu?"

Mume akarudia kupapasa mifuko. Mama Miche alikaa palepale kwenye ngazi ya mlango, akavua glavu moja, kisha nyingine, akaziweka mapajani. Alitaka kupiga kelele, lakini kelele zenyewe zilikuwa nyingi kiasi kwamba hakujua aanze na ipi. Mwishowe alisema kwa upole uliomtisha mume kuliko matusi, "Wewe ndiye unayewafundisha watu kuendesha gari."

Milimita alipofungua kifuniko cha difu, oili ilitoka nyeusi, inanuka kuungua. Meno ya kroni yalikuwa yamegeuka rangi ya bluu. Hakumtazama kaka yake. Alifuta mikono, akaingia ndani kwa mama yake, na humo ukasikika mlio wa kikombe kikiwekwa mezani kwa nguvu.

Mama mkwe ndiye aliyetoka. Alimtazama mwanawe mkubwa kuanzia viatu.

"Makofi umepigiwa?"

"Mama, nilikuwa namsaidia mtu."

"Vizuri. Sasa utamsaidia mkeo. Miche inapandishwa mlimani kwa kitu gani, wakati gari haipo?"

"Sijui, mama."

"Kwa mgongo."

Haukuwa utani. Mvua zilikuwa zimekolea, na gia nyingine ziliagizwa mbali. Kila asubuhi kabla ya darasa, mwalimu wa udereva alipanda ule mlima na trei za miche mabegani, anateleza, anashika majani, anafika barabarani suruali ikiwa na tope hadi kwenye mkanda. Majirani walimpa pole kwa sauti iliyojaa kicheko. Alichopandisha kwa njia hiyo kiliwatosha wateja wadogo wa kando ya barabara. Miche ya shule ilibaki bondeni, inazidi kurefuka. Siku moja aliweka trei chini, akahema, akasema, "Huu mlima ni mrefu, mke wangu." Mama Miche alikuwa na jibu tayari, ila alipomwona amekaa chini kwenye tope alimpa maji tu.

Gia za pili zilipofungwa, baada ya rangi ya njano na "bado" nyingine nyingi, ufunguo ulikaa kwa Mama Miche. Hakumpa mtu. Aliizoeza pikapu mwenyewe, na mama mkwe akajipandisha kiti cha mbele bila kualikwa.

"Mimi ni mlinzi," alisema. Walipofika barabarani, baiskeli iliyobeba magunia iliwapita. "Mwanangu, hata huyu?"

"Hata huyu, mama. Ndivyo shemeji alivyosema."

"Huyo naye tangu mdogo ni mgumu hivyohivyo. Kula yai moja, mpaka alikague."

Walienda, wakasimama chini ya kivuli kungoja difu ipoe, wakarudi, siku baada ya siku. Milimita alipoimwaga oili ya kwanza, aliisugua kati ya vidole, akaona unga laini wa chuma ambao ni wa kawaida kwa gia mpya. Akajaza oili safi, akaongeza na dawa ya zile pleti za kubana.

"Pakia," alisema.

Walipakia miche ya shule mpaka bodi ikajaa. Mvua ilikuwa inanyesha vizuri. Mume aliomba kupanda, akaruhusiwa, kwa sharti asiseme kitu. Kwenye kona mbaya, pale pikapu ilipozoea kukwama, gurudumu la kushoto lilianza kuteleza. Mume alijishika kwenye dashibodi, mdomo wazi. Mama Miche hakuongeza mafuta wala kupunguza. Alihisi sehemu ya nyuma ikitikisika kidogo, kisha gurudumu la kulia likauma udongo, na pikapu ikaendelea kupanda polepole, bila kelele, mpaka pua yake ikatokea barabarani.

Alisimamisha gari. Alikasirika kidogo kwa kuona anataka kulia kwa sababu ya difu.

"Naweza kusema sasa?" aliuliza mume.

"Sema."

"Umeachia klachi vizuri."

Mama Miche alimgeukia kumtazama kama anatania. Hakuwa anatania. Akacheka mpaka akaegemea usukani, na honi ikalia.

Shuleni, mkuu wa shule aliwapokea na mwavuli uliovunjika na malalamiko yake yote tangu simu ya kwanza. Mama Miche alimsikiliza hadi mwisho, akamwomba radhi, kisha akamkabidhi mume wake jembe. Walichimba mashimo pamoja na wanafunzi kwenye ule mteremko, mvua ikiwanyeshea, hadi mche wa mwisho ukaingia ardhini.