Kinyago Kilichocheka Badala Yangu

Jana usiku niliota niko Roma ya kale, jukwaani, kwenye mchezo wa kuchekesha, nimevalishwa kinyago cha mtumwa mjanja. Kinyago kilikuwa kimekenua meno yote nje, kimefungwa kisogoni kwa kamba ya katani iliyokazwa barabara.

"Mchezo unahusu nini?" nikakiuliza.

"Umemdanganya bwana wako ili mwanawe apate kuoa," kikanijibu. "Mwana anasamehewa, wewe unapigwa. Hapo ndipo watu wanapocheka sana."

Nikakimbilia madhabahu iliyokuwa katikati ya jukwaa, maana sheria ya mchezo ilikuwa kwamba mtumwa akikaa juu yake haguswi.

Bwana anakuja, mzee wa ndevu nyeupe, fimbo mkononi. Ananisemesha kwa upole, na upole wake unanitisha kuliko matusi.

"Shuka, kijana, tuyamalize."

"Hapa pananitosha, bwana."

Watu wanaangua kicheko.

"Samahani," inasema madhabahu chini yangu. "Mimi ni mbao za kukodi. Maseremala wameshaanza kunibomoa."

Kweli, nasikia misumari ikichomolewa. Ubao wa kwanza unatoka.

"Mchezo unaisha lini?" nauliza.

"Watu wakipiga makofi," anasema mzee. "Na hawapigi kabla hujapigwa wewe."

Nageuka kuwatazama watu, kumbe tuko sebuleni kwetu Muheza, Warumi wamebanana kwenye mkeka wetu. Mbele kabisa amekaa mke wangu, Tunu. Nikamshukuru Mungu.

"Mama Chiku, niokoe! Piga makofi!"

Nalia kwa uchungu, lakini machozi yanabaki ndani, na nje kinyago kimekenua vilevile. Tunu anashika mbavu. Kadiri ninavyolia ndivyo anavyozidi kucheka. Ubao wa mwisho unatoka, naanguka chini, na mzee ananyanyua fimbo.

Pa! Pa! Pa!

Nikashtuka. Kumekucha. Tunu amekaa kitandani, anacheka huku anapiga makofi.

"Baba Chiku, wewe! Tangu alfajiri unacheka usingizini. Mbavu sina!"

"Nilikuwa nalia," nikamwambia.

"Kulia gani huko, na meno yote nje?"

Akainama kunifuta jasho. Vidole vyake vikafika nyuma ya sikio langu, vikasimama. Palikuwa na mfereji mwekundu wa kamba uliozunguka hadi kisogoni, na uzi mmoja wa katani ulionasa kwenye nywele.

Tunu akaacha kucheka.